Okapi: kisu cha mfukoni chenye jina la mnyama wa Ituri

Krr, krr, krr. Kisu hiki unakisikia kabla ya kukiona. Ni mlio wa meno madogo ya chuma yanayoruka moja baada ya lingine wakati bapa linapotoka ndani ya mpini. Mwishoni unasikika mlio mmoja mzito, na kisu kimenyooka, tayari kwa kazi. Ili kukikunja tena, lazima uvute pete ndogo ya chuma iliyoko mgongoni mwake.

Kisu hicho kinaitwa Okapi. Kwa Mkongomani, jina hilo linamkumbusha kwanza mnyama wa msitu wa Ituri, kisha redio ya Umoja wa Mataifa inayosikika nchini tangu mwaka wa 2002. Lakini mtaje Okapi mbele ya mzee wa Afrika ya Kusini au wa Jamaika, naye huenda akafikiria mfuko wa suruali kabla ya kufikiria msitu.

Leo kisu hicho cha bei ndogo kimepata wapenzi wapya. Ulaya na Marekani wako watu wanaobeba kila siku visu vya kukunja vya mtindo wa zamani, na kuvikusanya nyumbani kama wengine wanavyokusanya stempu au saa. Ndani ya sanduku moja wanaweka kisu cha mkulima wa milima ya Ufaransa, cha askari wa Uswisi, cha mchunga ng'ombe wa Marekani, na pembeni yake kile chenye jina la mnyama wa kwetu. Na kila wanapotoka nyumbani wanakutana na swali lile lile ambalo mkulima anaulizwa na polisi: hicho kilichoko mfukoni ni chombo cha kazi, ao ni silaha?

Mwaka mmoja baada ya mnyama

Wakaaji wa msitu wa Ituri, Wambuti pamoja na majirani zao wakulima, walimjua okapi toka zamani. Wazungu ndio waliochelewa. Mwaka wa 1901, ngozi na mafuvu ya mnyama huyo yaliyotoka Kongo yalifika London kwa njia ya Harry Johnston, kamishna wa Uingereza huko Uganda. Mwanzoni wataalamu walimweka katika jamaa ya farasi na punda milia, kwa sababu ya mistari iliyo kwenye miguu yake. Kisha mifupa ya kichwa ikaonyesha ukweli: ni ndugu wa twiga. Habari za mnyama mkubwa ambaye sayansi ilikuwa haijamtambua zilisambaa katika magazeti ya Ulaya.

Mwaka uliofuata, 1902, kisu cha Okapi kilianza kutengenezwa Ujerumani. Hakikutengenezwa kwa ajili ya Wajerumani. Kilikuwa bidhaa ya kupelekwa katika makoloni yao ya Afrika, yaani Togo, Kameruni, Namibia ya leo, na Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, iliyojumlisha Tanganyika, Rwanda na Burundi.

Hapo kuna jambo la kushangaza kidogo. Okapi hakuishi katika koloni lolote la Ujerumani. Msitu wake ulikuwa ndani ya Dola Huru la Kongo, lililokuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili mpaka mwaka wa 1908, lilipogeuka kuwa koloni la Ubeleji. Mfanyabiashara alichukua jina la mnyama wa Kongo, akalipiga kwenye chuma cha Ujerumani, akakiuza kwa Mwafrika wa Dar es Salaam ao wa Windhoek.

Ujerumani ilipoteza makoloni yake baada ya vita vya kwanza vya dunia. Kisu hakikupotea. Kiliendelea kutengenezwa huko na kuuzwa Afrika kwa miaka mingi, na mwaka wa 1988 utengenezaji wake ukahamia Afrika ya Kusini, ambako unaendelea hadi sasa. Kwa hiyo kisu kilichozaliwa kama bidhaa ya mkoloni kwa Mwafrika leo kinatengenezwa Afrika na kununuliwa pia na Wazungu wanaokusanya.

Chuma, mti na pete

Ukikiangalia kwa karibu, Okapi hakina siri. Mpini ni wa mti wenye rangi ya kahawia, na katika aina inayojulikana zaidi umepambwa kwa vipande vya chuma vyenye umbo la nyota na mwezi mwandamo. Bapa ni refu na lenye ncha. Mgongoni kuna resori, ukanda wa chuma wenye tundu. Bapa linapofunguka, meno yaliyo kwenye kitako chake yanapita chini ya tundu hilo moja moja, na ndipo unaposikia krr. Likifika mwisho, jino la mwisho linaingia kwenye tundu na kubana. Hapo bapa haliwezi kukurudia kwenye vidole wakati unakata. Pete ndiyo inayoinua resori na kuliachilia.

Ni kazi rahisi, na urahisi huo ndio ulioshusha bei. Chuma chenyewe ni kile kinachoshika kutu. Chuma kisichoshika kutu kinang'aa vizuri dukani, lakini wengi wanaotumia kisu kila siku wanakiona kigumu kunoa. Chuma cha Okapi kinanoleka kwa jiwe la kawaida, hata lile la mtoni, na baada ya dakika chache kinakata tena. Mtu asiye na fedha ya kununua kisu kipya kila mwaka anajua maana ya jambo hilo.

Kazi za kisu cha namna hii ni zile zile kila mahali: kumenya chungwa ao muwa, kukata kamba ya mzigo, kufungua gunia la mchele, kuchuna ngozi ya mbuzi, kuchonga kijiti, kukata waya wa plastiki ao tawi la kupandikiza. Hakuna hata moja inayoandikwa katika magazeti. Ndiyo sababu kisu cha mfukoni kinapoandikwa, mara nyingi ni kwa habari mbaya.

Jina lililoharibika

Habari mbaya hazikukosa. Katika vitongoji vya miji ya Afrika ya Kusini, Okapi kilijulikana kama kisu cha tsotsi, kijana wa mtaani anayeishi kwa kunyang'anya. Bei yake ndogo iliyomfaa mkulima ilimfaa pia mwizi, na mlio wake ukawa wa kutisha usiku.

Kilivuka hata bahari. Huko Jamaika, katika miaka ya 1960 na 1970, kisu cha kukunja chenye meno na pete kilikuwa sehemu ya mavazi ya vijana wakorofi wa Kingston, pamoja na kofia na miwani ya giza. Muziki wa kisiwa hicho uliwaimba, na sinema ikawaonyesha.

Kisu chenyewe hakikubadilika. Mpini ni ule ule, meno ni yale yale. Kilichobadilika ni mfuko kilimowekwa.

Okapi si kisu cha pekee kilichopata bahati hiyo. Huko Thiers, mji wa mafundi wa visu katikati mwa Ufaransa, kiwanda cha Cognet kilianza mwaka wa 1929 kutengeneza kisu kinachoitwa Douk-Douk. Mpini wake ni bati la chuma lililokunjwa, na juu yake kuna picha ya pepo wa ngoma za visiwa vya Melanesia, kwa sababu wateja waliolengwa walikuwa watu wa visiwa vya Pasifiki. Lakini kisu kilipata wanunuzi wengi zaidi Afrika ya Kaskazini na Sahara, hata kiwanda kikatoa aina nyingine iliyopewa jina la El Baraka. Kisha vita vya uhuru wa Algeria vikaanza, mwaka wa 1954, na kisu kile kile cha kukatia mkate kikahesabiwa kati ya silaha za waasi.

Wanaobeba na wanaokusanya

Kwa nini basi mtu wa London ao wa Chicago, mwenye simu ya bei na gari nzuri, atafute kisu cha mkulima?

Jibu la kwanza ni matumizi. Mtu anayebeba kisu kila siku anagundua upesi ni mara ngapi anakihitaji: karatoni iliyofungwa kwa gundi, uzi unaoning'inia kwenye shati, tunda la saa nne. Wapenzi wa visu vya zamani wanapendelea kile kisichoogopesha watu mezani. Mpini wa mti ao wa pembe na bapa dogo vinakaa vizuri karibu na sahani, wakati kisu cheusi chenye sura ya jeshi kinanyamazisha mazungumzo.

Jibu la pili ni historia. Visu hivyo vina alama zinazosomeka kama kitabu. Kampuni ya Marekani ya W.R. Case & Sons, iliyoanza mwaka wa 1889, inajulikana sana kwa jambo hilo. Mwaka wa 1970 iliweka nukta kumi chini ya jina lake kwenye bapa, kisha kila mwaka ikapunguza nukta moja. Mkusanyaji akihesabu nukta anajua kisu kilitoka kiwandani mwaka gani, bila kumuuliza muuzaji. Kwa Okapi, anatazama kwanza kama kimeandikwa cha Ujerumani ao cha Afrika ya Kusini. Cha Ujerumani kina umri wa zaidi ya miaka thelathini, na hakitatengenezwa tena.

Jibu la tatu ni ufundi usiobadilika ovyo. Mwaka wa 1890, Joseph Opinel, kijana wa mafundi wa vyuma katika jimbo la Savoie, karibu na mpaka wa Italia, alitengeneza kisu chenye mpini wa mti na bapa linalokunjwa ndani yake. Miaka saba baadaye kulikuwa na ukubwa kumi na mbili, kuanzia namba 1 hadi 12. Mwaka wa 1955 iliongezwa pete inayozunguka shingo ya mpini ili kubana bapa. Zaidi ya hapo, mkulima wa wakati ule akifufuka leo na kuingia dukani, angekitambua kisu chake.

Uswisi nako, karakana ya Karl Elsener iliyofunguliwa mwaka wa 1884 ililipatia jeshi la nchi hiyo visu vyake vya kwanza mwaka wa 1891. Kisu chekundu chenye msalaba mweupe kinachojulikana leo duniani kimetoka katika ukoo huo. Askari alihitaji kufungua kopo la chakula na kulegeza skurubu za bunduki yake. Kazi ya kuua haikuwa ya kisu hicho.

Kati ya wapenzi wa visu kuna makundi mawili, na mara nyingine yanabishana. Wako wanaonunua na kufungia kabatini. Kwao, kisu kilichonolewa hata mara moja kimepoteza thamani, na kung'arisha bapa la zamani ni kosa kubwa, kwa sababu alama za umri zikifutika hazirudi. Wako pia wanaosema kisu kisichokata si kisu. Wengi wanamaliza ubishi kwa kununua viwili.

Anayekibeba kila siku anajifunza kukitunza. Chuma cha Okapi, cha Douk-Douk na cha Opinel ya zamani kinabadilika rangi. Ukikata chungwa ao kitunguu, bapa jeupe linaingia madoa ya kijivu na buluu. Mgeni anafikiri kimeharibika. Mwenye uzoefu anafurahi, maana ngozi hiyo ya kijivu inazuia kidogo kutu nyekundu inayokula chuma. Baada ya kazi anafuta bapa likauke, anatia tone la mafuta pale bapa linapojikunja, na anasafisha uchafu wa mfukoni ulioingia ndani ya mpini. Baada ya miaka mitano, madoa ya kisu hicho hayafanani na ya kingine chochote duniani.

Wana pia adabu zao. Kisu kinatolewa kwa mtu kikiwa kimekunjwa, ao kwa upande wa mpini. Hakifunguliwi mbele ya mtu mnayegombana naye, hata kama ulitaka tu kumenya tunda. Na huko Ufaransa, mtu akizawadiwa kisu, anatoa sarafu ndogo kumpa aliyemletea. Wanasema kisu kinachopokelewa bure kinakata urafiki. Sarafu inageuza zawadi kuwa biashara, na urafiki unabaki mzima.

Sheria inaangalia nini?

Adabu ni ya watu wanaojuana. Barabarani kuna sheria, na kila nchi imechora mstari wake.

Uingereza ilichora kwa kipimo. Kwa sheria ya mwaka wa 1988, mtu anaweza kubeba mahali pa watu wote kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi sentimita 7.62, bila kutoa sababu. Lakini mahakama zilieleza baadaye kwamba kisu ambacho bapa lake linabana likifunguliwa hakihesabiwi kuwa cha kukunja kwa maana ya sheria hiyo. Okapi, pamoja na pete yake inayolinda vidole vya mkulima, kinaanguka upande wa pili wa mstari. Opinel yenye pete ya 1955 inaanguka pamoja nacho. Anayevibeba lazima awe na sababu ya kweli: kazi, dini ao vazi la taifa. Kwa hiyo ulinzi uliowekwa ili mtu asijikate ndio unaomtia mashakani mbele ya polisi.

Ujerumani, nchi ya kuzaliwa ya Okapi, ilikaza sheria yake hivi karibuni, na sababu yake inaumiza. Solingen ni mji wa visu wa nchi hiyo. Jina lake linalindwa na sheria tangu mwaka wa 1938, ili lisiandikwe kwenye bapa lililotengenezwa mahali pengine. Tarehe 23 Agosti 2024, mji ulipokuwa ukisherehekea miaka 650, mtu mwenye kisu aliwashambulia watu waliokuja kusikiliza muziki. Watatu waliuawa, wengine wakajeruhiwa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, kubeba visu katika sherehe za watu wote kulikatazwa nchini kote, isipokuwa kwa wenye sababu zilizotajwa, kama vile wanaovitumia kikazi. Mji ulioishi kwa kutengeneza makali kwa mamia ya miaka ulizika watu wake kwa sababu ya makali.

Afrika ya Kusini, ambako Okapi kinatengenezwa leo, ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya silaha za hatari ya mwaka wa 2013 haipimi sentimita. Inasema kitu chochote kinachoweza kuua ao kuumiza vibaya kikitumiwa kwa uovu kinaweza kuwa silaha ya hatari, na kosa ni kukibeba katika hali inayoleta shaka kwamba kuna nia mbaya. Polisi na hakimu wanaangalia mahali na saa, namna mtu alivyokibeba, na alivyojiweka. Anayekwenda kazini, anayeshiriki desturi ao dini yake, na anayekusanya kwa halali hawahesabiwi kuwa wakosaji.

Kila njia ina shida yake. Kipimo cha sentimita kinajulikana mapema na kila mtu, lakini hakijui tofauti kati ya fundi wa mbao na mnyang'anyi. Sheria inayoangalia nia ina haki zaidi, lakini inaacha mengi mikononi mwa askari anayekusimamisha. Kijana maskini akikutwa na Okapi saa mbili usiku, na tajiri mkusanyaji akikutwa nacho saa ile ile, si lazima waulizwe maswali kwa sauti moja.

Mahali pamoja tu ndipo pasipo ubishi: uwanja wa ndege. Kabla ya tarehe 11 Septemba 2001, abiria nchini Marekani aliweza kuingia katika ndege na kisu cha bapa lisilofika sentimita 10 hivi. Siku hiyo watekaji walitumia visu vidogo, na mlango ukafungwa. Mauzo ya visu vya Uswisi katika maduka ya viwanja vya ndege yaliporomoka. Msafiri anayependa kisu chake anajua kukiweka ndani ya mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Akisahau kukitoa mfukoni, kinabaki kwenye sanduku la walinzi, hata kama kilikuwa cha babu yake.

Kisu cha amani cha Wakuba

Swali la chombo ao silaha halikuanzia Ulaya. Huko Kasai, ufalme wa Wakuba ulikuwa na jibu lake zamani sana.

Masimulizi ya Wakuba, ambayo Emil Torday, msafiri mzaliwa wa Hungaria, aliyaandika mwanzoni mwa karne ya 20, yanamtaja mfalme Shyaam aliyetawala katika karne ya 17. Inasemwa kwamba alikataza kisu cha kurusha kilichotumiwa vitani. Mahali pake, masimulizi yanakiweka kisu kifupi kinachoitwa ikul, chenye bapa pana kama jani, ambacho kiliweza hata kutengenezwa kwa mti mtupu. Ikul ni kisu cha amani. Mwanaume anakivaa kiunoni ili aonekane kuwa mtu wa heshima, na kuna cha chuma, cha shaba na cha mti kilichochongwa kwa ustadi.

Sanamu ya Shyaam ambayo Torday aliipeleka London iko katika jumba la makumbusho la Uingereza. Mfalme amekaa, miguu imekunjwa, mbele yake kuna ubao wa mchezo wa kete, na mkono wa kushoto umeshika kisu. Yeye aliyekataza kisu cha vita amekumbukwa akiwa na kisu mkononi. Kwa Wakuba hapakuwa na mgongano. Suala halikuwa kubeba ao kutobeba. Kila mtu mzima alijua ni kisu cha namna gani kinavaliwa mbele ya wenzake, na kinasema nini juu ya aliyekivaa.

Visu vya Kongo, ikul pamoja na vile vya Wamangbetu vilivyopindwa kama mundu, vimejaa leo katika makumbusho ya Tervuren huko Ubeleji, na katika makabati ya wakusanyaji binafsi. Vingi viliondoka wakati wa ukoloni, pamoja na pembe za ndovu na mpira. Kwa hiyo Mkongomani akisikia neno kukusanya visu, ana haki ya kuuliza swali moja zaidi ambalo mpenzi wa Opinel hana haja ya kuulizwa: kiliondokaje kwa mwenyewe?

Kwa visu vya mfukoni jibu ni jepesi. Vilitengenezwa ili viuzwe, vikauzwa. Lakini kwa Okapi, kitu kimoja hakikununuliwa kwa yeyote, nacho ni jina.

Mnyama mwenyewe

Okapi mwenye miguu minne anaishi katika nchi moja tu duniani, nayo ni Kongo. Hifadhi inayobeba jina lake, katika jimbo la Ituri, ilianzishwa mwaka wa 1992. Mwaka wa 1996 iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka mmoja tu baadaye ikaingia katika orodha ya urithi ulio hatarini, wakati vita vilipoenea mashariki mwa nchi. Bado kuna wachimba dhahabu, wawindaji haramu na makundi ya silaha ndani ya msitu. Mwaka wa 2013, shirika la kimataifa la hifadhi ya viumbe, IUCN, lilimweka okapi kati ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, alfajiri ya tarehe 24 Juni 2012, waasi wa Mai-Mai walivamia kituo cha Epulu, makao ya hifadhi hiyo, kando ya barabara ya Mambasa kwenda Kisangani. Waliua watu, wakiwemo walinzi wa hifadhi, wakapora na kuchoma nyumba. Okapi 14 waliokuwa wakitunzwa kituoni waliuawa wote. Walinzi waliobaki walirudi kazini, wengine wakiwa wamepoteza rafiki na nyumba asubuhi ile.

Hakuna sheria inayomlazimisha mwenye kiwanda cha visu kujali mnyama aliyempa jina, na mkusanyaji hanunui kisu ili kuokoa msitu. Lakini kila siku, mahali fulani, mtu anavuta pete, anakunja bapa, anarudisha mfukoni jina lililotoka vinywani mwa watu wa Ituri. Wengi kati yao hawajui kwamba ni jina la mnyama aliye hai, wala kwamba ana nchi moja tu.

Anayetaka kisu cha Okapi anakipata upesi, na hata cha Ujerumani bado kinaonekana kwa anayejua kutafuta. Kwa mnyama mwenyewe ni vigumu zaidi. Anatembea peke yake, anasikia mbali, na msitu unamficha. Walinzi wanaomhesabu huko Epulu wanapita siku nyingi bila kumwona. Wanahesabu nyayo na kinyesi, wanaandika, wanaendelea na safari.